Hendibreki ya Lori Imegoma Kuachia: Ufuate Upepo

Assalamu alaykum jamaa zangu wa Mombasa, kuanzia Changamwe mpaka Likoni, na nyinyi madereva mliokwama foleni ya Mariakani. Leo tunaongea hendibreki ya lori kuukuu la breki za upepo. Injini inanguruma, gia imeingia, hendibreki umeiachia, na lori halijongei. Utingo keshashika nyundo. Mwambieni aiweke chini kwanza, atie kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya tairi. Utakapofaulu kuifungua breki hiyo, lori halitakuwa na kitu kingine cha kulishika.

Tazameni hapa mezani. Hii ni chemba ya breki ya ekseli ya nyuma. Nusu hii ya mbele ni ya breki ya mguu. Nusu hii ya nyuma, iliyonenepa, ndani mna springi nene iliyobanwa, nguvu yake inakaribia tani moja. Springi hii ndiyo inayofunga hendibreki. Upepo ukiingia kwenye tundu hili, unaisukuma irudi nyuma na gurudumu linaachiwa. Upepo usipofika, springi imefunga na itaendelea kufunga. Kwa hiyo kazi yako yote ni kutafuta upepo umekomea wapi.

Anza na geji ya upepo kwenye dashibodi. Springi huanza kulegea karibu na psi 60, yaani bar 4 hivi (psi na bar ni vipimo vya presha ya upepo), lakini ili iachie kabisa usijaribu kuondoka chini ya psi 90. Isuzu na Fuso za zamani geji zake nyingi husoma kwa kg/cm², na 1 hapo ni takriban psi 14, kwa hiyo unataka kuona 6 na nusu kwenda juu. Kipimo kinachotumika huku Marekani niliko ni kwamba injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi, presha itoke psi 85 ifike 100 ndani ya sekunde 45. Ikichelewa sana, angalia kompresa na uvujaji kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Geji imejaa, inasoma bar 8, hendibreki bado imefunga, basi fundi anakimbilia kubadilisha chemba. Geji za dashibodi mara nyingi zinapima matangi ya breki ya mguu tu. Kwenye malori ya Ulaya, kama Mercedes na Scania, kuna valvu inayogawa upepo njia nne, na njia ya hendibreki hujazwa baada ya zile za breki ya mguu. Valvu hiyo ikiziba kwa kutu na uchafu, geji itajaa huku hendibreki haipati kitu.

Kwa hiyo pima kwenye chemba yenyewe. Vuta hendibreki, maana hapo mpira wa kupitisha upepo wa upande wa springi unakuwa hauna upepo. Kwenye chemba nyingi za Ulaya tundu la springi limeandikwa 12, na la breki ya mguu 11. Fungua mpira wa 12, ufunge geji ya mkono mwishoni mwake, halafu mwenzako aachie hendibreki. Usishike mpira mtupu mkononi, upepo ukija unapiga kama mjeledi. Geji ikikaa sifuri, rudi nyuma hatua kwa hatua: kwanza rilei valvu, ile inayogawia chemba upepo, iliyo juu ya ekseli, kisha valvu ya hendibreki pale kwa dereva. Ikipanda mpaka psi 90 na zaidi, njia ni nzima na tatizo liko kwenye chemba au ndani ya dramu, ile ngoma ya breki ya gurudumu.

Upepo ukifika chemba na fimbo yake inayosukuma breki isirudi ndani, tega sikio. Ukisikia upepo unatoka kwenye vitundu vya nyuma vya chemba, mpira bapa wa ndani ya chemba (dayaframu) umepasuka. Kuna dalili nyingine inayodanganya watu: hendibreki imeachiwa, mguu hauko kwenye pedali, na upepo unavuja kwenye tundu la kutolea la rilei ya breki ya mguu. Mara nyingi rilei haina kosa. Sili iliyo katikati ya chemba imekufa, na upepo wa springi unarudi kupitia upande wa mguu. Fungua mpira wa 11. Ukiona upepo unatoka kwenye chemba yenyewe, umempata mwizi.

Fimbo ikirudi vizuri na gurudumu bado limekaza, basi ni dramu. Gari lililokaa wiki kadhaa yadi ya Miritini au Jomvu, hewa ya chumvi hugandisha lainingi, yaani vitambaa vya breki, kwenye dramu. Hapo nyundo ina kazi: gonga dramu kwa nje, pande zote, hendibreki ikiwa imeachiwa, kisha jongeza lori mbele na nyuma kwa gia nzito, polepole. Usimwagie dizeli wala oili. Lainingi ikinyonya mafuta imekwisha.

Kama magurudumu yaliyofunga ni ya trela peke yake, angalia mipira miwili ya upepo inayounganisha kichwa na trela kabla ya kulala chini. Mwekundu ndio unaopeleka upepo unaofungua springi. Ukibadilishana na ule wa breki ya mguu, trela haitaachia hata ukisubiri mpaka alfajiri.

Upepo ukikosekana kabisa na lori limeziba barabara, unaibana springi kwa mkono. Toa kizibo cha nyuma, ingiza bolti yenye kichwa cha T inayokaa ubavuni mwa chemba, izungushe robo kuelekea kulia, ivute kuhakikisha imeshika. Tia washa na nati, kaza kwa spana, mara nyingi ya 19, taratibu, mpaka bolti itokeze kama sentimita 7. Mashine ya upepo ya kufungulia nati marufuku hapa, inakata bolti. Bolti isiposhika, ndani kumevunjika. Acha, badilisha chemba nzima. Na wakati wote kaa ubavuni, kamwe usikae nyuma yake.

Chanzo kikubwa pwani ni maji kwenye matangi. Huku Marekani majira ya baridi maji hayo huganda yakaziba valvu. Mombasa hayagandi, ila yanatengeneza kutu, na kutu ndiyo inayokula sili na valvu. Fungua koki za matangi kila jioni mpaka upepo utoke mkavu. Yakitoka maji meupe kama maziwa, kompresa inapitisha oili.

Neno kwa wenye Canter, lori dogo la Fuso: hendibreki yenu ni ya kebo, inafunga dramu nyuma ya gia boksi. Fungua kebo kule mwisho. Dramu ikizunguka, kebo imeshika kutu, nunua nyingine.

Na mkanda huu wa chuma unaofunga chemba nyuma, upande wa springi, msiufungue kamwe. Ukiruka unaua. Chemba mbovu msimpe kijana wa vyuma chakavu aikate kwa grainda, hata ikiwa na bolti. Iacheni imebanwa, andikeni kwa rangi nyekundu SPRINGI NDANI, ikae stoo imefungwa mpaka apatikane fundi mwenye kizimba cha chuma cha kuilegezea.