Zima Jenereta Kwanza

Wakubwa zangu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo? Mwenyekiti amesoma wasifu wangu mpaka nimeona haya, lakini ameuruka mkasa ulionifanya niwe mhandisi wa mawimbi ya sauti. Nitaanza na huo.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili. Tulitoka na mashua, tukashusha haidrofoni, yaani maikrofoni ya kusikilizia majini, mita kama 20 hivi. Nikarekodi usiku kucha. Asubuhi nikachora picha ya mitikisiko yote niliyoinasa, na pale kwenye 50 kwa sekunde umesimama mstari mwembamba, mkali, hauyumbi. Mbio kwa msimamizi wangu: nimenasa meli ya mbali! Nilikuwa nimeshaikadiria mpaka mwendo wake. Mzee hakunijibu. Aliinama, akazima jenereta ya mashua, akasema, "Rekodi tena, kwa betri." Mstari haukuwapo. Usiku mzima nilikuwa nikisikiliza umeme wetu wenyewe ukivuja kwenye nyaya zangu.

Kazi yangu yote tangu hapo imekuwa swali moja: katika hiki ninachokisikia, kipi kinatoka huko na kipi kinatoka kwangu?

Kwa nini sauti, watu huniuliza, wakati kuna redio na setilaiti? Kwa sababu maji ya chumvi huyameza mawimbi ya redio karibu mara moja, na mwanga nao haufiki mbali. Sauti ndiyo inayopenya. Mwaka 1826 Colladon na Sturm walipiga kengele ndani ya ziwa la Geneva huku wakiwasha baruti juu, wakahesabu muda kati ya mmweko na mlio, wakapata mita 1,435 kwa sekunde. Baharini ni kama 1,500, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani.

Sasa niwapeleke kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, kisiwa cha Heard, Januari 1991. Walter Munk, mtaalamu wa bahari wa Scripps, taasisi ya utafiti wa bahari ya Marekani, alikuwa na wazo ambalo yeye na Carl Wunsch walilianza mwaka 1979: kupima joto la bahari kwa kupima muda sauti inaotumia kuivuka. Maji yakiongezeka joto kwa nyuzi moja, sauti huongeza mwendo kwa mita 4 hivi kila sekunde. Piga hesabu: njia ya kilomita 18,000 inachukua zaidi ya saa tatu, bahari ikipata joto la sehemu 5 tu katika 1,000 ya nyuzi, sauti itawahi kufika kwa kiasi cha sehemu moja ya sita ya sekunde. Kidogo sana, lakini saa nzuri inakipima.

Pamoja na Munk alikuwapo Arthur Baggeroer wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, profesa aliyekuwa na mguu mmoja kwenye uhandisi wa bahari na mwingine kwenye uhandisi wa umeme. Hapo ndipo fani yetu ilipoingia. Walichagua Heard kwa sababu kwenye maji yale ya baridi, mfereji wa bahari, yaani tabaka la maji, unaobeba sauti mbali, ambao kwingine huwa kwenye kina cha karibu kilomita moja, hupanda mpaka karibu na uso. Spika zilizoning'inizwa chini ya meli zikaweza kuufikia.

Na mitikisiko? Walichagua 57 kwa sekunde. Si 50, si 60. Nilipoisoma namba hiyo nilicheka peke yangu maktabani. Umeme wa majumbani duniani ni 50 au 60. Nao walikuwa wamekwisha kukutana na jenereta yangu.

Kabla ya siku rasmi ya jaribio mafundi walijaribu mitambo kidogo tu, kuona kama inafanya kazi. Kisiwani Bermuda, huko Atlantiki, wakawasikia. Baadaye sauti ilinaswa hata pwani ya magharibi ya Marekani, kwa kupita bahari nyingine. Dhoruba za kusini ziliivunja mitambo, jaribio likakatizwa, lakini jibu lilikuwa limeshapatikana: sauti inavuka bahari na kusikika.

Sauti dhaifu namna hiyo husikikaje? Fikirini mtu anakuita jina lako katikati ya Kariakoo. Kelele zimemzidi, lakini unageuka, kwa sababu jina lako unalijua. Walituma mpangilio wanaoujua wao. Kompyuta ikaulinganisha na kila walichorekodi, ikijumlisha kidogo kidogo, mpaka kelele zikajifuta zenyewe na jina likabaki. Hata mwendo wa meli ulihesabiwa: fundo 3 tu, yaani kama mita 1.5 kwa sekunde, hubadilisha mitikisiko ile 57 kwa kama 0.06, na kwa saa nzima hiyo ni mizunguko zaidi ya 200 uliyoikosea.

Wataalamu wa nyangumi walipinga, wakihofia sauti kubwa ingewasumbua wanyama hao, na nadhani walikuwa na haki ya kuuliza. Sisi wahandisi hupenda kusahau kwamba nyangumi wenyewe ndio wenye bahari.

Kwetu nyumbani sikio hili limetumika vingine. Mwaka 2015 watafiti walikokota haidrofoni nyuma ya mashua pwani yote ya Tanzania, wakinasa baruti za wavuvi haramu. Milipuko zaidi ya 300, na mingi ilikuwa si mbali na Dar es Salaam. Na baharini humo milipuko huchanganyika na mlio wa kamba wadogo wanaopiga magando usiku na mchana, kama chumvi iliyomwagwa motoni.

Nimekuja na rekodi ya dakika mbili. Kuna baruti moja ndani yake, mbali sana. Nataka mniambie iko kwenye sekunde ya ngapi. Kijana uliye karibu na swichi, tafadhali, zima feni kwanza.