Anza na baa tupu: maongezi na wanaotaka kuanza kunyanyua vyuma

Haya, mnanisikia kule nyuma? Sawa. Kabla sijaenda mbali, aliyewahi kulipia jimu mwezi mzima alafu akaenda mara mbili tu anyooshe mkono. Msione aibu, na wangu uko juu. Naona tupo wengi kwelikweli, na sidhani kama wote ni wavivu, nadhani wengi tulianza vibaya, siku ya kwanza tukajimaliza, ya pili tukashindwa hata kushuka ngazi, ya tatu tukasema aah hii kitu sio yangu.

Mi nilianza kwa sifa. Nilimkuta rafiki yangu kwenye benchi anasukuma kilo 60, na nikimwangalia naona mwili namzidi, nikasema huyu akiweza mi nitashindwaje. Nikalala. Kuitoa kwenye vishikio nikaitoa vizuri tu, ikashuka, ikatua kifuani, ikagoma. Jamani kilo 60 zikikukalia kifuani hata pumzi ya kuita mtu huna, miguu ndo inapigapiga sakafu, na rafiki mwenyewe kaenda kunywa maji. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo alikuwa anasubiri benchi, akaishika baa katikati tukairudisha wote, hakucheka, aliniuliza tu, "ulianza na ngapi?" Nikamwambia nimeanza na hii. Akazivua sahani zote, yale magurudumu ya uzito ya pembeni, moja moja, akabakisha chuma kitupu, akasema lala tena.

Mhadhara wenyewe ndo huo, yaliyobaki ni maelezo.

Baa ile ndefu (baa ya chuma, sio ile mnayocheka nyie hapo mbele) ina kilo 20 ikiwa tupu, na ipo ya wanawake ya kilo 15 ambayo ni nyembamba kidogo mkononi. Watu wanahesabu sahani wanasahau chuma chenyewe. Sasa tuseme leo umechuchumaa na baa tupu, ukaona rahisi hadi unajisikia mjinga. Vizuri sana, ndo tunakotaka. Wiki ijayo weka sahani ndogo ya kilo 1.25 kila upande, yaani umeongeza kilo 2.5. Wiki inayofuata tena hivohivo. Wiki 12 baadaye uko kwenye kilo 50 na hakuna siku hata moja uliyopigana na chuma. Haitaendelea hivo milele, kuna mahali utagota, lakini mwanzoni mwili unakubali haraka, na sababu yake inanifurahisha kila nikiieleza: wiki za mwanzo misuli yenyewe haijakua kivile, ni ubongo na mishipa ya fahamu ndo inajifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo siku zote ikalala tu. Kwahiyo usijipime kwenye kioo wiki ya tatu ukasema hakuna kitu. Angalia daftari.

Eeh, daftari. Tarehe, zoezi, uzito, seti (yaani mkupuo mmoja wa kurudiarudia zoezi kabla hujapumzika), umerudia mara ngapi, basi. Asiyeandika kila wiki anakisia, na anayekisia namkuta mwaka mzima yuko na dambeli zilezile, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja.

Hii habari ya kuongeza kidogokidogo kwa hesabu kuna mtu aliiwekea utaratibu. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, miaka ya 1940 kule Chicago alikuwa na askari walioumia miguu vitani na wanachelewa kupona, na yeye mwenyewe ujanani alishaugua akajijenga kwa vyuma, akasema ngoja niwape uzito kweli badala ya kuwabembeleza. Mwanzo aliwapa seti 7 hadi 10 za kurudia mara 10. Mnaona hizo? Ikaja kuonekana ni nyingi mno, na 1948 yeye na mwenzie Watkins wakashuka mpaka seti 3 za mara 10, ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili robo tatu, ya tatu ndo uzito kamili. Kwahiyo ukimsikia trena anasema "tatu za kumi" hakuitoa hewani. Na nyie mnaoanza kwa kufanya seti 25 za kifua siku moja, aliyetibu askari aliziona 10 nyingi.

Ratiba siichelewi. Mara 2 au 3 kwa wiki, mwili mzima kila ukienda, siku moja katikati ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema watu wazima angalau siku 2 kwa wiki za kuimarisha misuli. Chagua zoezi moja la kuchuchumaa, moja la kuinama na kuinuka na mzigo, moja la kusukuma, moja la kuvuta. Manne tu. Kati ya seti pumzika dakika 2 au 3, na usipumzikie kwenye benchi unachati wakati wenzio wanasubiri. Kila seti iishe ukiwa unajua ungeweza kurudia mara 2 zingine. Maumivu ya misuli kesho yake na keshokutwa ni kawaida, yanapoa yenyewe, ila maumivu ya kuchoma ndani ya goti au bega pale unaponyanyua, hapo weka chini, usijifanye shujaa. Na mwenye presha au moyo aongee na daktari wake kwanza.

Dada zangu mnaoniuliza kila mara kama mtakuwa na mabega ya mabaunsa: hapana. Homoni inayojenga misuli kwa wingi wanaume wanayo mara nyingi zaidi yenu, na hata wao wanahangaika miaka.

Na wale wa "mi nimeshazeeka". 1990 kuna madaktari Marekani walichapisha utafiti wa wazee dhaifu 10 wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, umri wao kama miaka 90 hivi, wakawafanyisha mazoezi ya miguu kwa uzito wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9 na nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Sasa we una 45 unaniambia umezeeka.

Kilichobaki ni kuinama, manake hapo ndo migongo inapoharibikia na siwezi kukieleza kwa mdomo kikaeleweka. Chukua ufagio, ule mpini uuweke mgongoni wima, uguse sehemu tatu: kisogo, mgongo wa juu na pale juu ya makalio. Mkono mmoja unaushika nyuma ya shingo, mwingine nyuma ya kiuno. Sasa legeza magoti kidogo tu, alafu sukuma makalio nyuma kama unafunga mlango na mikono imejaa mizigo. Mpini ukiachana na mwili sehemu yoyote kati ya hizo tatu, mgongo umepinda, rudi juu uanze upya. Ukiweza mara 10 bila mpini kuachana na mwili, ndo uguse chuma.

Nimekuja na fagio sita, zipo kule mlangoni. Simameni, sogezeni viti pembeni, na we kaka mwenye shati jeupe uliyecheka kuhusu baa, anza wewe.