Mchoraji Aitwe Mapema

Mhadhara uliotolewa Mbeya

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, wanasayansi, wasanii na wanafunzi mliofika jioni hii,

Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa wasanii na wanasayansi katika ncha za dunia na milima mirefu. Mazoea ni kumwita mchoraji utafiti ukiwa umekwisha, aje apambe ripoti. Mimi nasema awemo tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuchora nako ni kupima.

Edward Wilson, daktari na mtaalamu wa wanyama aliyefuatana na Kapteni Scott, mpelelezi Mwingereza, katika safari mbili za Antaktika na kufia huko mwaka 1912, alikuwa pia mchoraji hodari. Rangi za maji huganda katika baridi ile, kwa hiyo nje alitumia penseli, mkono ukistahimili kwa muda mfupi kabla vidole havijafa ganzi, na juu ya mchoro akaandika majina ya rangi alizoziona. Kupaka rangi kulingoja hadi arudi kibandani. Alichora hata zile pete za mwanga zinazolizunguka jua pale miale inapopinda ndani ya chembe za barafu zilizomo angani. Pete ya kawaida hukaa nyuzi 22 za pembe kutoka kwenye jua, na mchoraji asiyejali umbali huo, hata picha yake ikipendeza namna gani, amepoteza taarifa.

Uswisi kuna ushahidi wa muda mrefu zaidi. Mto wa barafu wa Grindelwald ya Chini ulichorwa na wasanii wengi, wakiwemo Caspar Wolf katika karne ya 18 na Samuel Birmann katika karne ya 19, ambao hawakuwa na habari kwamba wanatunza kumbukumbu ya tabianchi. Baadaye wataalamu waliilinganisha michoro hiyo na miamba ambayo ingali pale pale, wakatambua ukingo wa barafu ulikuwa umefika wapi katika kila kipindi, na wakabaini kwamba ulisonga mbele kwa mara ya mwisho hadi mnamo 1855 na 1856, kisha ukaanza kurudi nyuma. Iliyofaa ni michoro yenye tarehe na mahali aliposimama mchoraji.

Iko namna nyingine ya ushirikiano. Mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi mjini Paris, msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walipanga uwanjani mapande 12 ya barafu kutoka Greenland, watu wakayagusa yakiyeyuka. Naiheshimu kazi ile, ila pale sayansi ilikuwa imekwisha kusema na sanaa ikapaza sauti tu. Sisi tunahitaji zaidi namna ya Wilson.

Nasema hivyo nikiifikiria Kitulo, uwanda wetu wa juu wilayani Makete. Hatuna barafu ya kudumu kama Kilimanjaro, ambako nako kilomita za mraba zipatazo 12 za mwaka 1912 zilikuwa zimebaki chini ya 2 kufikia 2011. Tuna uwanda wa mita zipatazo 2,600, wenye sakitu ya kipupwe na okidi za kila namna, ambazo viazi vyake huchimbwa na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha huko kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Okidi ikishakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, rangi hupotea na mdomo wa ua hulala bapa. Mchoraji wa mimea hulazimika kulilainisha kwa maji ya moto ndipo alichore chini ya hadubini. Angekuwepo uwandani siku lilipochumwa, angelichora likiwa bichi, likitazama upande wake.

Kwa hiyo ninayoyaomba ni mambo ya bajeti na kabati. Posho ya mchoraji iandikwe katika ombi la fedha, sambamba na ya msaidizi wa maabara. Kila mchoro uandikwe tarehe, mwinuko na upande alioelekea mchoraji, uhifadhiwe pamoja na takwimu za mvua na joto, na nakala ibaki Makete, ambako kijana wa shule anaweza kuifikia bila kupanda basi la kwenda Dar es Salaam.