Fidi isiishie makala kumi

Haya jamani karibuni, mlioko nyuma sogeeni viti vipo, mvua ya Moshi ikianza kwenye hili bati hatusikiani tena.

Nianze na kinachoniuma. Nilikua na tovuti ya kahawa, miaka mitatu naandika vile wazee wa kihamba, yaani shamba la nyumbani, walivyokua wananielekeza, kupogoa, chulebuni ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, kukausha, siku moja seva ikafa na bekapu sina. Nikakumbuka kuna binamu yangu Arusha anaifuatilia kwa RSS, yaani fidi, lile faili la tovuti linalopeleka makala kwenye programu ya kusomea, nikampigia mbio, tukafungua tukakuta makala kumi tu, kwasababu alijiunga wiki ileile.

Ndio WordPress, programu niliyojengea tovuti, inavyokuja, usipogusa seting fidi inabeba makala 10 za mwisho basi. RSS ilianza 1999 pale Netscape na kazi yake ilikua kutangaza kipya, sawa, lakini makala ya chulebuni ya mwaka juzi kwa mkulima anayeiona leo si ni mpya?

Sasa kuna atakayesema naweka 1000 badala ya 10, yameisha. Tovuti ndogo sawa, hata mimi nakubali. Ila programu ya kusomea inarudi kuchungulia kila mara, ikikuta kimoja kipya inashusha faili zima upya, bando la mtu wa Rombo linaishia kwenye vitu alivyokwisha soma, hiyo sio haki kabisa.

Kuna utaratibu wa tangu 2007 unaitwa RFC 5005. Fidi kuu unaiacha nyepesi, ndani yake unaweka linki ya faili la nyuma, na hilo lina linki ya lililotangulia, hivyohivyo kama mabehewa mpaka makala yako ya kwanza kabisa. Faili likijaa unalifunga huligusi tena, msomaji analishusha mara moja tu. Programu nyingi hazifuati hizo linki, kwahiyo mimi naweka pia faili moja zima pembeni kwa anayetaka zote.

Na kila makala iwe na kitambulisho kisichobadilika, kama namba ya NIDA, unahama nyumba yenyewe inabaki, ukikibadilisha kitambulisho cha makala watu wote wanaletewa makala za zamani kama mpya. Halafu ndani ya fidi wekeni maandishi yote ya makala jamani, mistari miwili na "soma zaidi" isingeniokoa hata makala moja.

Haya fungueni laptopu, tuanze na ya dada hapa mbele. Una makala ngapi?