Kwanini macho yanabadili mbinu gizani

Jamani tuanze na hiki. Umeme ukikatika usiku, kabla hujaipapasa simu uwashe tochi, ukikodoa macho gizani unaona chengachenga zinacheza kama TV ya zamani iliyokosa antena. Zile hazitoki nje. Ni seli za jicho lako zenyewe, manake molekuli inayonasa mwanga inaweza kujigeuza kwa joto tu la mwili na seli ikatoa taarifa kwamba imeona mwanga wakati hamna kitu. Hiyo ndo kelele tunayoiongelea leo.

Mwaka 1961 Horace Barlow, mwanasayansi wa Uingereza, alisema kazi kubwa ya neva za mwanzo, zile zinazoanza kupokea taarifa, ni kupunguza marudio. Na ukilicheki jicho unamwelewa, seli zinazopokea mwanga zinapita milioni 100 ila nyuzi za kwenda kwenye ubongo ni kama milioni 1 tu, sasa kama majirani wote wanatazama ukuta uleule mweupe kuna haja gani kila mmoja apige simu kusema nyeupe, nyeupe? Kwahiyo retina, ule utando wa nyuma ya jicho wenye seli hizo, inapiga hesabu ya kutoa, mwanga wa katikati kutoa wa pembeni, zinabaki kingo na mabadiliko.

Mchana inafanya kazi vizuri sana. Gizani inaharibu, kwasababu ukitoa kelele kwenye kelele hazifutani, zinaongezeka, alafu ule mwanga kidogo uliokuwepo ndo umeukata. Na jicho linajua! Barlow huyohuyo na wenzake FitzHugh na Kuffler walipima paka mwaka 1957 wakakuta mwanga ukishuka sana kule kutoa kunafifia, seli inabaki kujumlisha tu. Yaani marudio yaleyale yaliyokuwa hasara mchana usiku ndo yanakuokoa, kama stendi yenye fujo, wapiga debe watatu wakiita Mbagala mmoja utamsikia.

Sasa msikimbilie kusema basi turundike seli. Seli 100, kila moja na kelele yake, ukichukua wastani kelele inapungua mara 10. Lakini watafiti Zohary, Shadlen na Newsome mwaka 1994 walikuta kwenye ubongo wa nyani kwamba seli jirani zinakosea pamoja kidogo, uhusiano wa kama 0.12 (0 ni kila seli na kosa lake, 1 ni zote kosa lilelile), kanamba kadogo hivo, ila piga hesabu uone: kelele haipungui hata mara 3, uweke seli elfu au laki. Kosa wanaloshirikiana wote wastani hauligusi.

Haya, naona mikono, tuanze na dada wa pale nyuma.