Kale Kakaratasi ka Njano Kwenye Menyu, Kanamsaidia Nani?

Haya jamani, mliosimama mlangoni ingieni, viti bado vipo huku mbele, na funga hilo dirisha upepo wa Uyole hauna huruma. Nimepewa nusu saa niongelee muonekano wa programu, mimi nitaongelea kitu kimoja tu humo, nimekipigia kelele hapa Mbeya mpaka wenzangu wamechoka kunisikia na sitaacha. Ni kale kakaratasi kanakoruka ukiweka mausi juu ya kitu kwenye menyu. Nyie mnakaita tultipu, wengine kidokezo, wale ninaowafundisha wanakaita "ile njano" na imeisha hiyo. Kanasaidia au kanakera?

Msimamo wangu ni huu, kakikwambia kitu ambacho hukioni kwenye skrini kanasaidia sana, kakirudia neno lililoandikwa tayari halafu kakakaa juu ya mstari unaofuata, hako ni kero na kanaweza kumponza mtu. Kumponza kabisa, sitanii, sikilizeni ya Mbozi, na uliyeisikia mwaka jana isikilize tena.

Msimu mmoja wa kahawa niliitwa na chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima kule Mbozi, kufundisha makarani sistimu mpya ya kupokea mazao. Mwezi wa 6, baridi mnaijua. Kahawa mbivu inachumwa mchana, jioni lazima ipimwe na imenywe, ikilala inachacha na bei inaanguka, kwa hiyo foleni ya jioni siyo foleni ya kuchezea, watu wana ndoo na viroba, wamama wana watoto mgongoni. Karani alikuwa mama mtu mzima, kaunta buku lake miaka yote halina hata mstari uliokatwa. Tukamkalisha kwenye kompyuta. Menyu iko kushoto, maneno yamebanana: Mapokezi, Malipo, Madeni, Ripoti. Akamaliza kumpokea mkulima, sasa anataka Malipo. Akashuka na mausi taratibu, akatua kwanza kwenye Mapokezi anasoma, kile kikaratasi kikaruka kikaziba Malipo yote na Madeni nusu. Kimeandikwa nini? "Mapokezi: bofya hapa kufungua Mapokezi."

Akaniambia, "Mwalimu, Malipo imeenda wapi?" Nikamwambia ipo hapo chini mama, sogeza mausi pembeni kidogo. Akasogeza, njano ikaondoka, akarudi, ikarudi. Mimi nikaitwa nje kwenye mizani, nikatoka. Huku nyuma yule mama akafanya kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya, kikaratasi kimesema bofya hapa, akabofya hapo, juu ya kikaratasi chenyewe. Na waliotengeneza sistimu ile waliacha ukibofya kikaratasi inahesabika umebofya neno lake, kwa hiyo ikafunguka stakabadhi mpya ya mapokezi, tupu, na namba yake. Akaifunga, akashuka tena, njano, akabofya, stakabadhi nyingine. Jioni ile moja zilitoka stakabadhi 11 zenye namba na hazina kilo hata moja.

Mnajua chama cha msingi kinavyoziangalia namba za stakabadhi. Wiki iliyofuata mama wa watu akaitwa mbele ya bodi aeleze zile 11 ni kahawa ya nani na imeenda wapi. Mtu ambaye hajawahi kupoteza kilo! Nilipanda tena Mbozi kwa nauli yangu, nikafungua ile kompyuta mbele ya wajumbe, nikashuka menyu polepole kama alivyoshuka yeye, na mimi nikatoa stakabadhi tupu mbele yao. Ndo wakaelewa. Lakini wiki nzima kijiji kilishamsema.

Sasa kila nikiisema hii kuna mtu ananiambia, Mwalimu, tatizo huyo mama hakujua kompyuta. Hapana, nakataa! Alisoma, akatii maandishi, wewe uliyeandika "bofya hapa" juu ya kitu ambacho hakitakiwi kubofywa ndo hujui kazi yako. Mwingine anasema si azime, kwenye Microsoft Office vinazimwa. Ndiyo, unaingia File, Options, General, unachagua visionekane, ila mtu anayefika mpaka huko hakuwa na shida toka mwanzo, na ile sistimu ya Mbozi haikuwa hata na sehemu ya kuzima. Wa tatu, huyu huwa ananiudhi zaidi, anasema tuweke kichelewe kidogo kutokea. Kwenye Windows kinasubiri kama nusu sekunde hivi, kikiachwa kilivyo. Fikirieni nani anakaa zaidi ya nusu sekunde juu ya neno moja kwenye menyu. Mzoefu anapita mbio, hakioni. Anayetua akasoma ni mgeni, kwa hiyo kinamziba yule yule anayejaribu kusoma.

Na siyo kwamba hapakuwa na njia nyingine. WordPad, ile programu ya kuandikia ya Windows za zamani, wakubwa mnaikumbuka, ukishuka menyu maelezo yalikuwa yanabadilika kule chini kabisa kwenye ukingo wa dirisha, unayetaka unatupa jicho, usiyetaka unaendelea, hakuna kilichozibwa. Apple nao mwaka 1991 kwenye System 7, mfumo wa kompyuta zao za Mac, walileta viputo vya maelezo, vilikuwa vinajaa skrini kweli, ila vilikuwa vimezimwa mpaka mwenyewe uviwashe, ukishaelewa unazima. Sisi leo tumechukua kuruka tukaacha ruhusa.

Msinielewe vibaya lakini, sisemi mkavifute vyote. Kitufe chenye picha bila neno kinahitaji kikaratasi, lazima. Ile picha ya kusevu ni disketi, kifaa cha zamani cha kuhifadhia mafaili, inabeba MB 1.44, nani humu amewahi kushika disketi? Mikono miwili. Wengine mtajuaje ile ni kusevu bila kuambiwa? Kikikuambia na Ctrl+S hapo hapo umejifunza njia ya mkato bure. Na cha thamani kuliko vyote, kitu kikiwa kimefifia kwenye menyu hakibofyeki, kiseme kwa nini. "Malipo hayajafunguka, funga kwanza mizani ya leo." Hapo yule mama angekushukuru. Lakini programu nyingi mnazoniletea hapa, kilichofifia kinanyamaza na kinachosomeka ndo kinapigiwa kelele.

Dakika zimeenda, mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka basi. Simu za kugusa hazina mausi, kidole hakielei juu ya neno, kwa hiyo ukificha jambo la muhimu ndani ya tultipu mwenye simu hataliona kamwe, na wakulima wengi ni simu tu. Wenye uoni hafifu wanaokuza skrini, kikaratasi kimoja kinaweza kuwazibia skrini nzima, ule mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, wa kurahisishia wenye ulemavu kutumia tovuti, unataka mtu aweze kukiondoa bila kusogeza mausi, mfano kwa kitufe cha Esc, usomaji usikatizwe ukipeleka mausi juu yake, na kisipotee chenyewe kabla mtu hajamaliza. Mkausome. Habari ya lugha, Kiingereza kwa karani wa kijijini, hiyo inataka siku yake.

Ile kompyuta ya mwisho kulia nimeweka menyu ya mfano, iliyobanana vile vile kama ya Mbozi. Mje mmoja mmoja, mshuke kutoka Mapokezi mpaka Ripoti polepole, mkisoma kila neno, halafu mniambie mmetoa stakabadhi ngapi.