Rangi ya Chipu Huchaguliwa Chini ya Taa ya Meza

Karibuni mkae. Waliosimama mlangoni sogeeni, viti viko huku mbele. Leo nina vitu vidogo vya kuonyesha na aliye nyuma hataviona.

Hii mkononi mwangu ni chipu ya poka, ule mchezo wa karata. Kipenyo chake milimita 39, unene milimita 3 na ushee, uzito gramu 10. Ni nyeupe, haijachapwa. Zinaitwa chipu za seramiki, na zinachapwa kwa sablimesheni, yaani joto linahamisha wino kutoka karatasini, njia ileile ninyi wachapaji mnayotumia kila siku kwenye vikombe. Kwa hiyo sitaeleza karatasi ya kuhamishia ni kitu gani, wala kwa nini picha inageuzwa kama kwenye kioo.

Najua yupo anayejiuliza, kamari inatuhusu nini sisi? Chipu ni kihesabio. Watu wanazitumia nyumbani kuhesabu pointi za karata bila senti kuwekwa mezani. Nimeileta kwa sababu rangi yake ni ngumu kuliko ya kikombe. Kikombe kinasimama peke yake. Kikombe cha buluu kikitoka na uzambarau kidogo, mteja bado anakunywea chai. Lakini chipu ya buluu ina thamani ya 10, na ndani ya seti hiyohiyo kuna ya zambarau yenye thamani ya 500. Buluu ikitoka na uzambarau, mtu atatoa 500 akidhani ametoa 10. Hapo rangi ndiyo kazi yenyewe, nembo na maua ni ya baadaye.

Naomba taa za dari zizimwe, na pazia lile livutwe. Asante. Nawasha hii ya mezani. Ni balbu ya mwanga wa manjano, kelvini 2,700 kwa kipimo cha rangi ya mwanga, aina inayoning'inia juu ya meza nyingi za karata. Hapa nina chipu mbili. Mlipozipitisha mkononi mkiingia, dirishani, kila mtu aliona moja nyeupe na moja njano hafifu. Sasa nambieni, nyeupe ni ya kulia au ya kushoto?

Mnabishana. Basi mmeona wenyewe. Mwanga huu una njano tele na buluu kidogo sana. Nyeupe inapakwa njano na taa, na ile njano hafifu inakosa cha kujitofautishia nacho. Tazameni pia hizi: buluu nzito na nyeusi. Buluu inaishi kwa mwanga wa buluu, taa hii haina wa kutosha, kwa hiyo inazama na kukaribia nyeusi. Chungwa na nyekundu zinasogeleana. Pinki inakuwa kama chungwa lililochujuka. Jozi hizi nne ndizo zinazoharibu seti, na karibu kila mara msanifu alizichagua akiwa mbele ya skrini, ofisini, chini ya tyubu nyeupe.

Lipo jambo baya zaidi. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa juani na kuachana chini ya taa, kwa sababu zimejengwa kwa wino tofauti. Kijivu cha wino za sayani (buluu ya kijani), majenta (pinki iliyokolea) na njano zikichanganywa si sawa na kijivu cha wino mweusi peke yake. Juani ni mapacha. Chini ya balbu, mmoja anageuka kuwa na wekundu. Ukitengeneza uso wa chipu kwa mchanganyiko mmoja na ukingo kwa mwingine, mchana utasifiwa, usiku utarudishiwa mzigo.

Jimbo la New Jersey kule Marekani, lenye kasino za Atlantic City, halikuliacha jambo hili kwenye ladha ya msanifu. Kanuni zake zinataja rangi ya kila thamani: dola 1 nyeupe, 5 nyekundu, 25 kijani, 100 nyeusi, 500 zambarau. Na halikuishia kwenye neno «kijani», maana kijani cha nani? Limefunga kila rangi kwa mfumo wa Munsell, unaopima rangi kwa mambo matatu: ni rangi gani, ina mwanga kiasi gani, ina ukali kiasi gani. Kisha likataka rangi hiyo isimame hivyo juani na chini ya balbu pia. Angalieni hapo: taa imo ndani ya kanuni! Ninyi mnaichukulia kama jambo la fundi umeme.

Washeni taa. Tuje kwenye buluu, maana ndiyo inayowaliza watu wengi.

Kwenye skrini unachagua buluu safi kabisa, nyekundu 0, kijani 0, buluu 255, ambayo ni ngazi ya juu kabisa. Inang'aa. Ukiigeuza kuwa rangi za uchapaji kwa mipangilio ya kawaida ya programu, unapata sayani karibu asilimia 88 na majenta karibu asilimia 77. Sayani na majenta zikikaribiana hivyo, hiyo si buluu tena, ni zambarau. Mashine haijakosea, imechapa ulichoiagiza. Dawa yake ni kupunguza majenta mpaka iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi: sayani 100 na majenta 60, au 55. Na kama unataka zambarau iwe zambarau kweli, ipeleke upande wa pili, majenta ipite sayani. Zisikutane katikati.

Angalizo kwa wenye printa ndogo za mezani: nyingi zinapokea faili la RGB, yaani la namba za nyekundu, kijani na buluu za skrini, na kugeuza zenyewe kwa profaili, faili la maelezo ya wino. Ukigeuza wewe kwanza, inageuzwa mara mbili na rangi inafifia. Hapo cheza na namba za RGB, shusha ukali wa buluu, ongeza kijani kidogo, kisha chapa uone.

Kuchapa uone ndiyo hatua ninayoipigia kelele kila nikisimama mbele ya watu, na kila mara naambiwa inakula chipu. Ndiyo, inakula. Chipu kumi za majaribio dhidi ya seti ya mia tano! Fanyeni hivi. Katika duara la milimita 39 panga viraba tisa, vitatu kwa vitatu, kila kimoja milimita 8, nafasi ya milimita 1 kati yake. Vinaenea vyote. Kiraba cha katikati ni rangi unayodhani ni sahihi. Kwenda kulia ongeza sayani kwa 5, kushoto punguza 5. Kwenda juu ongeza majenta 5, chini punguza 5. Andika namba ya chipu kwenye ukingo kwa kalamu isiyofutika. Chapa kwenye chipu zilezile za oda, si kwenye kikombe wala kipande cha kitambaa, kwa kuwa kila uso unapokea wino kivyake. Iache ipoe kabisa, rangi ya moto haiaminiki. Kisha ipeleke chini ya balbu ya manjano, halafu dirishani, halafu weka kando yake chipu za rangi nyingine za seti. Chagua kiraba. Umemaliza, namba unazo.

Mtanijibu kwamba mteja kaleta namba ya Pantone, ule mfumo wa rangi zenye namba, mjadala umekwisha. Haujaisha. Namba ya Pantone ni wino uliochanganywa maalumu na kuchapwa kwenye karatasi. Herufi C mwishoni ni karatasi yenye mng'ao, U ni isiyo na mng'ao, na namba moja kwenye karatasi hizo mbili ni rangi mbili machoni. Chukua Orange 021: wino wako wa rangi nne hauifikii, hata ubonyeze mpaka kesho. Mwambie mteja mapema, mwonyeshe chungwa kali kuliko yote inayotoka kwenye mashine yako, akubali au abadili. Wengine watasema watanunua skrini ya bei mbaya. Nunueni, isawazisheni, itawapunguzia makosa. Ila skrini inatoa mwanga wake, chipu inaazima wa chumba.

Mwenye spektrofotomita, chombo cha kupima rangi, au wa kuazima, apime. Tofauti kati ya rangi mbili inaitwa delta E. Chini ya 1, jicho halioni. Kati ya 2 na 3, mwenye jicho la kazi ataona chipu zikiwekwa ubavu kwa ubavu, na kwenye bunda la chipu ishirini za thamani moja hilo linaonekana kama mistari. Jilazimisheni isizidi 2 kwa chipu za thamani moja. Kati ya thamani na thamani kazi ni kinyume, tofauti iwe kubwa, hasa ya mwanga. Napendekeza pengo la 15 kwenye kipimo cha mwanga cha 0 hadi 100. Asiye na chombo ageuze picha ya seti nzima kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu. Chipu mbili zikitoa kijivu kimoja, badili moja. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani hutegemea zaidi tofauti hiyo ya mwanga, na wanaume wa namna hiyo si wachache.

Joto la mashine ya kubana. Wengi huanza kati ya nyuzi 190 na 205, lakini shikeni maelekezo ya aliyewauzia chipu. Nyeusi ndiyo shahidi wenu. Ikitoka na ukahawia, ama joto halikutosha ama limezidi. Ikitoka na ukahawia huku kingo za maandishi zimevimba, limezidi. Umeme ukishuka, kioo cha mashine kinaweza kuonyesha 200 na sahani inayobana ikawa na joto la chini ya hapo. Wekeni kipimajoto kwenye sahani yenyewe, katikati na kwenye pembe, maana pembe hupoa na chipu za huko hutoka hafifu. Na sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, karatasi inakunywa unyevu wa hewa, rangi inatoka na madoa. Ipashe sekunde chache chini ya sahani kabla ya kuiweka kwenye chipu, na bunda lililofunguliwa lilale kwenye mfuko uliofungwa.

Sasa chipu za aina nyingine, zenye mwili wa rangi na lebo ya karatasi katikati. Kila mtu anataka usuli wa lebo ufanane na mwili. Mwili ni nyekundu, basi lebo nyekundu ileile, ionekane imeota pale. Acheni! Mwili umechanganywa na rangi kabla ya kukandamizwa, lebo ni wino juu ya karatasi, na juu yake kuna laminesheni, utando mwembamba wa plastiki. Ya mng'ao inakoleza, isiyo na mng'ao inafifisha nyeusi. Hata mkilinganisha leo, taa ikibadilika zinaachana, na jicho halisamehe rangi mbili zinazokaribia kufanana. Linasamehe zinazotofautiana waziwazi. Wachora kanga wanalijua hili: kuna mji, kuna pindo, na pindo halijifanyi mji. Ipe lebo pindo. Duara la milimita 1 na nusu, jeusi au krimu, kati ya mwili na usuli, kisha ndani weka nyekundu nzito zaidi kwa makusudi, au nyeupe. Rangi ya nje ivuke mstari wa kukata kwa milimita 3, maandishi yakae ndani kwa milimita 1 na nusu, kwa kuwa kisu huteleza na pindo jembamba hufichua kila mtelezo.

Naonyeshwa saa. Ukingo wa chipu nilitaka kuusema kwa kirefu. Ufupi wake ni kwamba chipu zikipangwa, ukingo ndio unaoonekana, kwa hiyo kila thamani iwe na idadi yake ya mistari, rangi isibebe mzigo peke yake. Wino mweupe hamna kwenye sablimesheni, nyeupe ni chipu yenyewe, kagua zote zimetoka kundi moja. Agizeni zote pamoja na za akiba asilimia 10, kwa maana za mwaka ujao hazitafanana. Na moja ya kila rangi ifungwe kwenye bahasha nyeusi, jua linaila.

Taa zizimwe tena. Hapa mezani nimemwaga chipu arobaini za rangi nane. Njooni watano watano, zipangeni kwa thamani chini ya balbu hii, halafu tutafungua pazia tuone mmechanganya zipi.